Propu Nilizozikalia

Aliyeniletea habari kwamba kuta za mwenzangu zimenyooka kuliko zangu alikuwa mama yangu mzazi. Nilikuwa nimefika nyumbani Jumamosi, nimevua viatu vyenye simiti mlangoni, nimeketi kwenye kigoda jikoni nikisubiri chakula. Hata kabla hajanipakulia akaanza.

"Huyo kijana wa Embu anajua kujenga," alisema. "Nilisimama pale barabarani nikafunga jicho moja hivi, nikaangalia ule ukuta. Umesimama wima kabisa. Na ana adabu. Akiniona anashuka kutoka huko juu kuja kunisalimia."

Nikamwuliza alikuwa anatafuta nini kwenye mjengo wa watu. Akasema alikuwa amempelekea uji.

Uji! Mimi nilikuwa nimesimamia mijengo miaka sita, na mama yangu hakuwahi kuniletea uji hata siku moja. Ni kweli mijengo yangu yote ilikuwa mbali na nyumbani, lakini siku hiyo sikutaka kufikiria umbali. Nilikula mukimo wangu wa viazi na mahindi, nikakataa kuongezewa.

Niseme mapema, asije mtu akadhani nilikuwa na sababu. Mwenzangu hakuwa amenikosea chochote. Tulisoma pamoja chuo cha ufundi cha kijiji, tukalala kitanda kimoja cha ngazi, yeye juu mimi chini, tukashika mwiko kwa mara ya kwanza siku moja. Yeye alitoka upande wa Embu, mimi natoka Tigania, mwendo mfupi tu kutoka soko la Kianjai. Alikuwa akiniita murata, yaani rafiki kwa Kiembu chao, na hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniita hivyo. Nilimwonea wivu tangu huko chuoni. Mwalimu akipima ukuta wangu kwa timazi alikuwa akisema "sawa" na kupita. Akipima wa huyu, alikuwa akiita darasa zima lije lione.

Baadaye tukaajiriwa na mkandarasi mmoja, mzee wa Meru aliyekuwa na ofisi nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi pale Makutano, mjini Meru. Ilikuwa miaka ya tisini, kabla ya simu za mkononi. Mzee alipata kazi mbili kwa mpigo, na akafanya jambo aliloliona la busara sana. Mimi wa Meru akanituma Embu, hapo Karurumo, kujenga zahanati ya ghorofa moja. Mwenzangu wa Embu akamtuma Kianjai, kujenga bweni la shule ya wasichana, nalo la ghorofa moja. "Msimamizi akijenga kwao," alisema, "kila shangazi anamletea kijana wa kuandikwa kazi." Hapo alisema kweli. Lakini maana yake ni kwamba huyu bwana alikuwa anajenga mbele ya mama yangu, mbele ya walimu walionifundisha kusoma, mbele ya wazee waliokuwa wakinifukuza nisilishe mbuzi kwenye mahindi yao. Mimi nilikuwa najenga mbele ya watu ambao hata ningejenga ikulu wangeniita tu "yule Mmeru".

Na kulikuwa na jambo kubwa zaidi. Mzee alikuwa ameahidiwa jengo la ghorofa nne hapo Makutano, na alituambia wote wawili tukiwa tumesimama mbele ya meza yake kwamba atakayemaliza kazi yake vizuri ndiye atakayelisimamia. Ghorofa nne, katikati ya mji wetu, mahali ambapo kila mtu wa kwetu anayekwenda hospitali au kortini angeinua macho na kuniona juu. Nililitaka jengo hilo kuliko nilivyokuwa nimetaka kitu chochote. Nilipomtazama mwenzangu, alikuwa anatabasamu, na sikujua kama anatabasamu kwa ajili yake au kwa ajili yangu. Hilo pia liliniudhi.

Karurumo kulinitoa jasho. Watu hudhani kusimamia mjengo ni kuvaa kofia ngumu na kunyoosha kidole. Asubuhi unaletewa mchanga, unauona umechanganyika na udongo, unamwambia mwenye lori arudi nao, naye anakuapia kwa jina la mkewe kwamba hajawahi kuona mchanga msafi hivyo. Kabla hamjamalizana, diwani anafika na mpwa wake ambaye hajawahi kushika koleo. Ukigeuka, fundi wa chuma amefunga vyuma kwa nafasi anayoipenda yeye, si ile iliyo kwenye ramani. Mvua inakaribia na mifuko ya simiti iko nje. Na lolote likiharibika, hata kama ulikuwa chooni, ni lako.

Vibarua wa huko hawakuanza kazi bila muguka, yale majani yao ya kutafuna. Mimi mtu wa miraa niliyaona yale majani chakula cha mbuzi, na siku moja nikawaambia hivyo kwa sauti. Kosa kubwa. Wiki hiyo walichanganya zege kwa mwendo wa maiti, wakinitazama, mpaka Alhamisi nikaomba msamaha mbele ya wote na kutafuna kidogo ili waamini. Walicheka sana. Mimi sikucheka, maana siku hiyohiyo dereva wa lori la mzee alikuwa amefika akitoka Kianjai, akaniambia vibarua wa kule wanaimba.

"Wanaimba nini?" nikauliza.

"Wanaimba tu, bana. Wanapandisha mawe wakiimba. Huyo jamaa amewashika vizuri."

Dereva huyo ndiye aliyekuwa gazeti letu. Alipita kwangu, akapita kwake, na kila alipokuja alinimwagia sifa za mwenzangu bila kujua ananimwagia tindikali. Mwalimu mkuu anamsifu. Padri amemwalika chakula. Mama yako anakusalimia, nilimwona pale saiti. Nilikuwa nikiitikia "vizuri, vizuri," na moyoni nikiomba ukuta mmoja tu upinde.

Sasa nieleze kuhusu propu, maana hapo ndipo nilipojichafua. Ukitaka kumwaga slabu, ile sakafu ya zege ya ghorofa, lazima kwanza utandaze mbao na uzishikilie kutoka chini kwa nguzo. Zege likishamwagwa, nguzo zile hukaa mpaka likomae. Ukizitoa mapema, sakafu inaweza kukushukia kichwani. Nguzo za mzee zilikuwa za chuma, za kurefusha na kufupisha kwa skrubu, na tuliziita propu. Alikuwa na seti moja tu. Ilimaanisha kwamba mmoja wetu akimwaga slabu, mwingine hana budi kungoja.

Mimi nilimwaga kwanza. Injinia aliyekuwa akizikagua kazi zote mbili alisema propu zikae siku ishirini na moja, kisha lori lizichukue kwenda Kianjai. Mwenzangu alikuwa tayari amefikisha kuta zake, mbao amezipanga, vyuma amevikata. Alingoja propu tu. Wasichana walikuwa wanalala madarasani, na shule ilitaka bweni kabla ya mvua ndefu kukolea. Aliniandikia barua kwenye kipande cha karatasi ya mfuko wa simiti, akampa dereva. "Murata, najua wewe huna haraka za kijinga. Zikiwa tayari, nikumbuke." Niliisoma mara mbili nikaiweka mfukoni. Nilikuwa nimetoka kuzungumza na mama jikoni juzi yake tu.

Siku ya ishirini na moja lori likaja. Asubuhi hiyo nilikuwa nimepita chini ya slabu yangu nikiigonga kwa nyundo kila hatua mbili, na kila mahali ililia vizuri, mlio mkavu wa zege lililokomaa. Ilikuwa imara. Nililijua hilo jinsi ninavyojua mikono yangu. Dereva akaruka chini akaanza kufungua mlango wa nyuma wa lori.

"Hazitoki," nikamwambia.

"Hazitoki namna gani? Si leo ndio ishirini na moja?"

"Kumekuwa na baridi. Zege halikomai kwa baridi. Rudi wiki ijayo."

"Injinia alisema..."

"Injinia atalala chini yake? Wagonjwa ndio watalala chini yake."

Mafundi wangu waliacha kazi wakanitazama, na nikaona machoni mwao heshima ambayo hawakuwa wamewahi kunipa. Hapo ndipo nilipojua uongo wangu ni mzuri. Ulikuwa umevaa nguo za dhamira njema. Dereva akarudi na lori tupu, na mimi nikabaki nimesimama chini ya ile slabu, na sitaficha, nilisikia raha. Nilimwona mwenzangu kule Kianjai akitazama barabara, mawingu yakikusanyika juu ya milima ya Nyambene, na vibarua wake wakiwa hawana cha kuimbia.

Wiki ya pili nikasema mvua imenyesha, zege limenyonya maji. Wiki ya tatu mzee akapiga simu kwenye duka lililokuwa na simu hapo Karurumo, nikaitwa mbio.

"Wewe kijana! Propu zangu ziko wapi?"

"Ziko chini ya slabu, mzee."

"Na hiyo slabu iko na nini?"

"Haina kitu, mzee, na sitaki iwe na kitu. Ukiniamuru nizitoe nitazitoa, lakini useme wewe, na mwenye duka asikie."

Akakata simu. Hakuniamuru.

Nilidhani nimeshinda. Kumbe kule kwetu watu walikuwa wamechoka kungoja. Dereva ndiye aliyeniambia, akitafuna mahindi ya kuchoma, kama habari ndogo tu. Mwenzangu alikuwa amekwenda kanisani Jumapili, akaomba nafasi baada ya ibada, akawaeleza kina mama kwamba propu zimekwama kwa sababu ya usalama, kwamba hamlaumu mtu, na kwamba wakimwazima miti ya mikaratusi atamwaga slabu ya binti zao. Akawaahidi kwamba kila mti utarudi kwa mwenyewe ukiwa mzima, bila kukatwa hata kipande. Kesho yake miti ikaanza kufika kwa mabega na kwa mikokoteni, kila familia imetia alama yake kwa panga ili isipoteze miti yake.

"Hata mama yako alitoa," akasema dereva. "Alitoa mingi. Mirefu, mizuri sana."

Hiyo mirefu, mizuri sana, ilikuwa yangu. Nilikuwa nimeikata mwenyewe mwaka uliotangulia, nikaiegemeza nyuma ya nyumba ikauke, nije nijengee boma langu. Mama alikuwa amempa huyo mtu hata miti ya nyumba yangu. Niliuliza slabu inamwagwa lini. Akasema Ijumaa. Nikawaaga mafundi wangu nikisema mama yangu anaumwa, nikapanda lori lilelile kwenda kuona jinsi itakavyomshinda. Sina namna nyingine ya kueleza kilichonipeleka.

Nilifika Ijumaa asubuhi, mvua imenyesha usiku kucha na jua limetoka. Uwanja wa shule ulijaa. Kina mama walikuwa wamejipanga kutoka kwenye rundo la zege mpaka kwenye ngazi ya mbao, makarai yakipita mkono kwa mkono. Mbuzi wa slabu alikuwa amefungwa kwenye mti, maana kwetu slabu haimwagwi bila mbuzi, na kuna mafundi ambao hawapandi juu kabla hawajamwona kwa macho. Mwenzangu aliponiona aliruka chini, akanikumbatia na matope yake.

"Murata! Umekuja kuniona!"

Nikasema nimekuja kumsaidia. Akafurahi kabisa, akarudi juu.

Mimi nikaingia chini. Ndiko anakokwenda mtu anayetafuta kosa. Kulikuwa na msitu mzima wa miti iliyosimama kushikilia mbao, na nikaona jinsi alivyofanya ili asiivunje ahadi yake. Miti ilikuwa ya urefu tofauti. Mtu mwingine angeikata ilingane. Yeye mifupi aliiinua kwa mawe bapa, akaikaza kwa vipande vya mbao, kazi safi. Mirefu, kwa kuwa hakutaka kukata hata mmoja, aliichimbia mashimo na kuizamisha. Ardhi ikiwa kavu, hilo halina neno, na injinia alikuwa amekagua Jumatano ardhi ikiwa kavu na kupitisha. Lakini kona ya nyuma, upande ambao maji ya paa la jikoni hushukia, mashimo yalikuwa yamejaa mvua ya usiku. Nilitia mkono kwenye shimo moja. Ukazama mpaka kiwiko kwenye matope laini. Miti minne ilikuwa imesimama juu ya uji. Nikatazama alama ya panga, ni ya mama yangu. Ilikuwa miti yangu.

Nilitoka nje, nikanawa mkono, nikakaa kwenye jiwe. Sikusema kitu.

Nataka niliandike hilo jinsi lilivyokuwa. Sikusahau, wala sikuwa na shaka. Walianzia upande wa mbele, na kwa mwendo wao zege lingefika kona ile baada ya saa sita mchana. Nilikuwa na muda wa kutosha kumwita, na nilikuwa na maneno ya kutosha ya kujizuia. Si saiti yangu. Yeye pia ana macho. Injinia amepitisha. Labda itashuka kidogo tu, inchi mbili, tatu, slabu ipinde, mzee aje aone, basi. Sikuwaza watu waliokuwa juu. Niliwaza ghorofa nne. Nikaletewa uji, nikanywa. Ulikuwa uji wa mama, nilijua kwa ladha, na hata huo niliunywa nikihesabu kwamba mwenzangu ameletewa wa kwanza.

Kila nilipoinua macho nilimwona huko juu akiwa na buti zake, akiwaelekeza, akimtania mmoja, akimpokea mwingine karai. Hakupiga kelele hata mara moja. Mimi siku ya slabu yangu nilikauka sauti kwa kufoka. Nilijiuliza mtu hupata wapi hicho kitu, na kwa nini mimi sikupewa.

Saa sita ikapita. Zege likafika robo ya mwisho. Mafundi waliokuwa juu walikuwa wamechoka, na kina mama wengine wakaanza kupanda wenyewe mpaka juu kuwapelekea makarai. Nikaona kitambaa cha kijani kichwani ninachokijua. Mama yangu, ambaye nyumbani husema magoti hayamruhusu hata kuchota maji, alikuwa anapanda ngazi na karai la zege kichwani, akielekea kona ya nyuma.

Sijui nilifikaje kwenye ngazi, naye alikuwa ameshafika juu. Nasikia nilipiga mayowe kwa Kimeru, Kiswahili, na kitu kingine kisichokuwa lugha. "Shukeni! Kona hiyo shukeni! Mama, shuka!" Watu wakaganda. Mwenzangu hakuuliza kwa nini. Alimshika mama mkono, akamrudisha nyuma, akawasukuma wengine wote kuelekea mbele, na ndipo mbao za kona zikatoa mlio na kubonyea kama kiganja cha mkono. Hakuna aliyeanguka. Karai la mama lilibaki pale juu peke yake, limeinama.

Tuliingia chini pamoja, mimi na yeye, tukitambaa. Alipoona mashimo alifumba macho. "Nimechimba mwenyewe," alisema. "Niliwaahidi sitakata."

"Kata hii," nikamwambia. "Hii ni yangu. Hii ninaweza kukupa ruhusa."

Tukaleta msumeno. Tukasimamisha miti mingine pembeni kubeba uzito, tukaikata ile minne, tukatandika mbao pana na mawe juu ya ardhi ngumu, tukaisimamisha upya na kuikaza mpaka mbao zikarudi mahali pake. Ilichukua karibu saa mbili, na wengine walikuwa wanalichanganya zege lisishike. Tulifanya kazi bila kuzungumza, tukikabidhiana nyundo kabla mwingine hajaomba, kama zamani chuoni. Slabu ikamalizika jua likiwa bado lipo.

Wakati wa kula mbuzi mwenzangu alisimama juu ya rundo la kokoto akawanyamazisha watu wote. Akasema ni yeye aliyekosea, na kwamba mtoto wao ameokoa maisha leo. Akasema mnakumbuka niliwaambia propu zimekwama kwa sababu ya usalama? Ni huyu aliyekataa kuzitoa. Mimi nilinung'unika moyoni, akasema, na leo nimejua kwa nini alikataa. Kisha akachukua kidari, fungu la msimamizi, akaniwekea mkononi mbele ya walimu, padri na wazee. Kina mama wakapiga vigelegele. Mama yangu alilia.

Nilikuwa nimesubiri vigelegele hivyo maisha yangu yote, na vilipokuja vilipitia mdomoni mwa mwenzangu. Nikatazama umati, nikaona wanampenda yeye zaidi kuliko asubuhi, kwa jinsi alivyonisifu. Nilikula kile kidari chote. Kilikuwa kigumu na sikumgawia mtu.

Kesho yake nilirudi Karurumo, nikatoa propu zote kabla ya chai.

Miezi ikapita, kazi zote mbili zikakabidhiwa. Mzee akaniita Makutano, ofisini. Makaratasi ya lile jengo la ghorofa nne yalikuwa mezani, na jina langu limeshaandikwa. Nilikaa. Nikamshukuru. Akapunga mkono.

"Usinishukuru mimi. Mimi nilikuwa nimempa mwenzako. Kuta zake ni nzuri kuliko zako, hata wewe unajua. Nilimwita hapa wiki jana, nikamwambia, na yeye akakataa."

"Akakataa?"

"Akaniambia ghorofa nne zinataka mtu asiyesukumwa. Akasema, mimi nilimbembeleza rafiki yangu atoe propu na hakutoa, wewe ulimpigia simu na hakutoa. Na mimi nilichimba shimo na sikuliona, yeye akaliona. Mpe huyo. Sasa mimi nibishane naye?" Akanisogezea kalamu. "Weka sahihi."

Nilisema nakuja, nikatoka nje kwanza kupata hewa. Mwenzangu alikuwa hapo mbele ya duka, anapakia simiti kwenye lori. Mzee alikuwa amempa kazi ndogo ya vyoo vya shule, huko upande wa Runyenjes. Aliponiona alipangusa mikono kwenye suruali akaja akanishika bega.

"Hongera, murata. Sasa utatuangalia kutoka juu."

Sikuwahi kumwonea wivu kama dakika ile. Kazi ningeweza kumshinda siku moja, kuta pengine ningejifunza. Lakini kuingia katika ile ofisi na kuyasema maneno yale juu ya mtu mwingine, na kutoka hapo ukiwa na furaha, hilo nisingeliweza hata kwa kulazimishwa.

"Nilikuwa nataka nikuulize," akasema. "Ile kona uliionaje? Mimi nilipita hapo mara ngapi."

Nilifungua mdomo. Habari nilikuwa nayo, nzima, kuanzia mkono uliozama mpaka kiwiko, saa ngapi, na nilivyonawa. Alikuwa ananitazama kwa hamu ya mtu anayetaka kujifunza kitu cha kazi.

"Niliona mbao zinalegea," nikasema. "Bahati tu."

"Hapana, si bahati. Hayo ni macho." Akacheka, akaamini, akapanda lori, wakaondoka.

Mimi nikarudi ndani kuweka sahihi.